Mfumo Ulioitwa Heshima

Nchi ya Mashamsham haimo kwenye ramani mnayoijua, kwa hiyo msisumbuke kuitafuta, wala mtu asije akaniandikia barua kuniuliza kama nilikuwa na maana ya mahali fulani. Sikuwa na maana ya mahali popote. Ni nchi njema, yenye wimbo wa taifa wa beti kumi na nane, na watu wake wamezoea kusimama.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Maji na Matangazo. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa ili kubana matumizi. Mawaziri wawili wakabaki mmoja, na yule mmoja akapewa magari ya wote wawili ili asijisikie mpweke. Aliitwa Mheshimiwa Daktari Injinia Lugendo Mapanda. Udaktari alitunukiwa, uinjinia alijitunuku mwenyewe, na uheshimiwa alizaliwa nao.

Chini kabisa ya jengo la wizara, chumba cha mwisho baada ya stoo ya mapazia, alikaa mwanamke aitwaye Siwema Ndimbo. Alikuwa fundi wa tovuti ya wizara, na kati ya watumishi mia nne wa jengo lile ni yeye peke yake aliyejua tovuti inavyofanya kazi. Wengine walijua kwamba ipo, na kwamba ina picha ya Waziri.

Msidhani tovuti ile ilikuwa ya mapambo. Mashamsham ina Sheria ya Kauli Moja, isemayo kwamba hakuna hatari yoyote nchini mpaka wizara iitangaze kwenye tovuti yake. Mto ukifurika kabla ya tangazo, haujafurika. Anayesema umefurika ni mzushi, na mzushi anafungwa. Mwaka juzi mwenyekiti mmoja wa kijiji alizuia watu kupita kwenye daraja lililokatika, na daraja lenyewe lilikuwa halijatangazwa kukatika. Yuko ndani mpaka leo, na daraja, kisheria, bado ni zima.

Sasa ikafika siku ya kuzaliwa ya Waziri. Kitengo cha Picha kikaleta picha yake mpya, nzito kupita kiasi, kikaagiza iwekwe kwenye tovuti nzima nzima bila kupunguzwa, maana kumpunguza Waziri ni kosa la kinidhamu. Siwema akaeleza kwamba mfumo unaoendesha tovuti ni wa zamani na hautaweza kuibeba. Akajibiwa kwamba mfumo ni mtumishi kama watumishi wengine, ubebe. Ukajaribu kwa dakika sita, kisha ukafa.

Hata nusu saa haikupita, mkemia wa maabara ya maji, Bwana Dafa, akaingia na karatasi moja mkononi. Hakuketi.

"Dada Siwema, hili tangazo liwekwe leo. Kisima cha Lukwembe. Kiwanda cha ngozi kimemwaga dawa zake ardhini na zimefika kwenye maji. Nimepima mara tatu."

"Ni mbaya kiasi gani?"

"Linaanza tumbo, halafu figo. Watoto ndio wa kwanza. Hayo maji hayafai hata kuoshea miguu."

Siwema aliisoma ile karatasi mara mbili. Lukwembe ndiko alikozaliwa. Mama yake, Bi Zainamu, aliishi hatua hamsini kutoka kwenye kisima hicho. Tena ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima, mwenye kushika kufuli la pampu.

Akampigia simu papo hapo. Mama akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Basi nafunga sasa hivi," Bi Zainamu akasema. "Kufuli ninalo hapa kwenye pindo la kanga."

Siwema akamkumbuka yule mtu wa daraja. Alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka kumi na mbili, na miaka hiyo humwingia mtu mwilini.

"Usifunge, mama. Ukifunga kabla ya tangazo watakuchukua. Tovuti imepata hitilafu kidogo, ni siku mbili tatu tu. Nikiliweka, mwalimu Hamfrey atakusomea kwenye simu yake, ndipo ufunge, na hakuna wa kukugusa. Ila wewe usinywe."

"Mwenyekiti nisinywe, wenzangu wanywe? Wataniona."

"Sema tumbo linakusumbua."

"Haya," mama akasema. "Wewe ndiye uliyesoma. Nitangoja tangazo."

*

Kufufua tovuti haikuwa kazi. Ipo mifumo chungu nzima ya kuendeshea tovuti, mingine ya bure kabisa, na fundi kama Siwema angeusimika mmojawapo asubuhi na mchana akawa anaandika. Akapanda ghorofani kwa Katibu Mkuu, Bwana Mshindo Kalamka, mtu mnene wa sauti nyororo, akamweleza hivyo.

Katibu Mkuu akamtazama kwa huruma.

"Binti yangu, mfumo wa tovuti ya taifa hausimikwi. Unachaguliwa. Na kuchagua, ndiyo maana wazee wetu walipigania uhuru."

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Uchaguzi wa Mfumo, yenye wajumbe kumi na tisa. Alikuwamo mkurugenzi wa bustani, alikuwamo mkuu wa itifaki, na alikuwamo mzee mmoja aliyeteuliwa kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza wilayani kwao kumiliki televisheni. Siwema naye akaitwa, si kama mjumbe bali kama mwalikwa, akapewa kiti karibu na mlango.

Kikao cha kwanza kilianza kwa Katibu Mkuu kutambua uwepo wa waliokuwepo. Msomaji wa kwetu anaijua desturi hii: mtu hawezi kusema neno mbele ya watu mpaka ataje wakubwa wote kwa vyeo vyao, mmoja baada ya mwingine, na asimruke hata mmoja. Mashamsham wameikuza desturi hiyo kuliko mahali pengine. Wajumbe walipomaliza kutambuana ilikuwa saa ya chakula. Baada ya chakula, Siwema akaombwa aeleze mfumo wa kuendeshea tovuti ni kitu gani.

"Ni chombo cha kuandikia na kupanga habari," akasema. "Unaandika tangazo, unabonyeza kitufe kilichoandikwa Chapisha, na watu wanasoma."

Kalamu zikawekwa chini.

"Nani anabonyeza?" akauliza mkuu wa itifaki.

"Yeyote aliyepewa ruhusa."

"Yeyote," mkuu wa itifaki akarudia polepole, huku wajumbe wakitazamana.

Siwema akasimama akaisoma karatasi ya mkemia, yote, mpaka kwenye neno figo. Akaeleza kwamba kijiji kizima kinakunywa sumu saa hiyo hiyo wao wajumbe wakiwa wamekaa. Wakamshukuru sana. Mzee wa televisheni akasema ameguswa. Kisha wakapitisha kwa kauli moja kwamba, kwa uzito wa suala lenyewe, kamati isafiri kwanza nchi za nje kuiona tovuti nyumbani kwake inakotoka.

Walikwenda wajumbe wote kumi na tisa, ila Siwema alibakishwa, kwa sababu mtaalamu hahitaji kujifunza. Walikaa huko wiki tatu. Walirudi na picha wamesimama mbele ya jengo refu ambalo waliambiwa kuwa mtandao unalala humo, na kila mmoja alikuwa na manukato mapya. Ripoti ya safari ilikuwa na ukurasa mmoja, nao ulisema kwamba tovuti za nje ni nzuri lakini hazina adabu.

Katika wiki hizo tatu Bi Zainamu alipiga simu mara nne.

"Limetoka?"

"Bado, mama."

"Mjukuu wa Shangwe hapa jirani anaharisha siku ya sita. Nimewaambia wachemshe maji. Bwana Dafa wako anasemaje, kuchemsha kunasaidia?"

Siwema alikwishamwuliza. Kuchemsha hakusaidii.

"Kunasaidia kidogo," akasema, kisha akakata simu, akakaa akiutazama ukuta wa stoo ya mapazia. Alijichukia.

*

Wazabuni wakaitwa watatu, kila mmoja aje aeleze mfumo wake mbele ya kamati.

Wa kwanza alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, aliyeleta mfumo wa bure. Akawasha kompyuta, akaandika sentensi moja, akabonyeza, akawaonyesha wajumbe kwenye simu zao wenyewe. Sentensi ilikwisha kufika.

"Kwa hiyo mtu wa Lukwembe angeisoma dakika hii hii?" akauliza Siwema kutoka mlangoni, makusudi.

"Dakika hii hii."

"Na sisi," akauliza Katibu Mkuu, "tungekuwa wapi dakika hiyo?"

Mkurugenzi wa bustani akaongeza kwamba Mashamsham ni nchi huru, haichukui vitu vya bure, labda viitwe msaada. Binti akafunga kompyuta yake akaenda zake. Alipopita mlangoni alimtazama Siwema kama anavyotazamwa mtu aliyekanyaga kitu kichafu barabarani.

Wa pili alikuja na mfumo unaoweka kumbukumbu. Kila aliyeandika, aliyefuta na aliyebadilisha, mfumo unamjua na saa yake.

"Nikifuta jambo, unakumbuka kwamba nimefuta?" akauliza Katibu Mkuu.

"Unakumbuka, mheshimiwa."

"Na ukiambiwa usahau?"

"Hausahau."

"Huo si mfumo," akasema mzee wa televisheni, "huo ni jirani mbaya." Ikaandikwa hivyo hivyo katika kumbukumbu za kikao, na mzabuni akasindikizwa hadi getini.

Wa tatu aliitwa Pazi Makungu. Huyu alikuwa shemeji wa mtu ambaye sitamtaja, kwa sababu nimeshamtaja mara kadhaa kwenye ukurasa huu huu na vyeo vyake vyote. Hakuja na kompyuta. Alikuja na keki.

"Waheshimiwa," akasema Pazi, "wenzangu wamewaletea mifumo ya wageni. Mimi nimewaletea wa kwetu. Unaitwa Heshima."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza wajumbe walizidi kusogeza viti mbele. Tangazo ndani ya Heshima hupita hatua ishirini na saba za kuidhinishwa. Kila anayeliidhinisha, mfumo wenyewe, bila kuombwa, humtambua kwa jina na cheo mwanzoni mwa tangazo. Hakuna kiongozi atakayesahaulika tena katika historia ya taifa. Mwananchi akitaka kutoa maoni, ana vitufe viwili: Naunga Mkono, na Naunga Mkono Sana. Habari yoyote inayohusu maji huja na picha ya Waziri akinywa bilauri ya maji, na picha hiyo haing'oki. Na ili msomaji asichoke, ukurasa hauzidi maneno mia tatu.

Mkuu wa itifaki alitoa leso akajifuta macho.

Siwema akanyoosha mkono. "Wakitambuliwa watu ishirini na saba na vyeo vyao, maneno mia tatu yanabaki mangapi ya tangazo?"

"Yanayobaki ndiyo yanayotosha," akasema Pazi Makungu, akakata keki.

Heshima ikachaguliwa kwa kupiga makofi. Siwema alisimama pale mlangoni na kipande cha keki alichotiliwa mkononi, akatoka kwenda kukitupa. Hata pipa la taka la ghorofa ile lilikuwa na picha ya Waziri.

*

Jambo moja walimkubalia. Tangazo la kwanza kupita katika Heshima lingekuwa lile la Lukwembe, kwa majaribio.

Siwema akaliandika mwenyewe: *Maji ya kisima cha Lukwembe yana sumu. Msinywe. Fungeni kisima.* Maneno kumi. Akalituma hatua ya kwanza, akaanza kulifuata kutoka ofisi hadi ofisi, maana afisa asiyefuatwa hafungui kompyuta.

Afisa wa hatua ya tatu aliliondoa neno sumu, akaweka "madini ya ziada", akisema sumu ni neno la kutia hofu. Afisa wa hatua ya saba alisema kuwaambia wananchi "msinywe" ni ukali, wananchi si watoto; akaandika "mnashauriwa kutafakari". Afisa wa hatua ya kumi alikuwa kwenye msiba. Afisa wa hatua ya kumi na mbili alishangaa kuona tangazo limeanza na maji, akaagiza lianze na salamu za Waziri, na kwa kuwa Waziri hasalimii kwa haraka, salamu peke yake zikawa maneno arobaini. Na kila mmoja alipobonyeza Naidhinisha, jina lake lilichomoza juu na cheo chake chote, na tangazo likasukumwa chini zaidi.

Hatua ya ishirini na mbili, Siwema akahesabu maneno yaliyobaki, akaona habari ya maji inaporomokea nje ya ukurasa. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alimsubiri afisa aende kunywa chai, akaketi kwenye kompyuta yake, akafuta jina la Mkurugenzi Msaidizi wa Bustani, Kanda ya Kati. Jina moja tu.

Hakujua kwamba Heshima inatambua upungufu wa heshima. Skrini ikageuka nyekundu, tangazo zima likarudi hatua ya kwanza, na afisa wa hatua ya kumi alikuwa ameshapata msiba mwingine. Zikapotea wiki nne. Siwema akaandikiwa barua ya onyo, na barua yenyewe ikaanza kwa kutambua uwepo wa watu kumi na wanne.

"Limetoka?" mama akauliza katika simu. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Bado kidogo, mama. Mbona unaongea hivyo?"

"Uso umenivimba. Na miguu. Mjukuu wa Shangwe tulimzika Jumanne."

"Si nilikuambia usinywe?"

"Nilimwuguza mtoto wa watu siku zote zile, nikaambiwa karibu maji, ningekataaje? Siwema, nifunge tu, jamani?"

Tangazo lilikuwa hatua ya ishirini na tano siku hiyo. Zilibaki mbili. Siwema akafikiri: nimengoja wiki zote hizi, siku mbili zitanishinda? Nisimtie mama yangu gerezani kwa ajili ya siku mbili.

"Ngoja kidogo tu, mama," akasema. "Kesho kutwa linatoka. Naapa."

Mpaka leo sijui nimwite nini mtu aliyesema hivyo. Mimi namhurumia. Nyinyi mwiteni mpendavyo.

Alikimbilia tena kwa Katibu Mkuu, akamwambia tangazo limebakiwa na maneno kumi na mawili tu, nayo hayajafika popote. Akamwomba, kwa magoti, habari ya maji itangulie na majina yafuate.

"Maji yamtangulie Waziri?" akasema Katibu Mkuu kwa upole. "Wewe mtoto umelelewa wapi?"

"Lukwembe," akajibu Siwema.

"Atakayetaka kujua zaidi ataandika barua," akasema Katibu Mkuu, na akaidhinisha.

*

Siku ya kuzindua tangazo kulikuwa na bendi ya polisi na ngoma za vikundi saba. Kitufe cha Chapisha kilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cha buluu, nacho kimefungwa utepe. Waziri alihutubia saa moja na nusu juu ya maji, kwamba maji ni uhai, kwamba yeye mwenyewe anayanywa tangu utotoni. Akakata utepe. Akabonyeza. Watu wakapiga makofi mpaka mikono ikauma, na skrini kubwa ikaonyesha tangazo.

Picha ilikuja kwanza: Waziri, bilauri mkononi, anakunywa na kutabasamu. Chini yake yakafuata majina ya watu ishirini na saba. Chini kabisa, mstari wa mwisho: *Wizara inapenda kuwatangazia wananchi wote wa Lukwembe kwamba maji ya kisima chenu*

Hapo maneno mia tatu yakatimia.

Huko Lukwembe watu walikuwa wamekusanyika uwanja wa shule. Mwalimu Hamfrey alisoma kwenye simu yake kwa sauti kubwa, jina kwa jina, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, kwa uaminifu. Bi Zainamu alisimama mbele kabisa, miguu imevimba, kufuli tayari limo mkononi. Mwalimu alipofika mwisho akaishusha simu.

"Endelea," akasema Bi Zainamu.

"Limekwisha, mama."

"Limesema nini sasa?"

Mwalimu akamwonyesha picha. Watu wakaisongamania simu. Wakamwona Waziri, wakaiona bilauri, wakalisoma jina la kijiji chao. Ikaeleweka mara moja, na ingeeleweka vingine vipi? Waziri anayasifu maji ya Lukwembe. Akina mama wakapiga vigelegele. Jioni ile ile walikuja watu wa vijiji vitatu vya jirani na ndoo zao, kuchota maji aliyokunywa Waziri.

Siwema alipopiga simu mama yake alichelewa kupokea.

"Mama, funga kisima. Funga sasa hivi."

"Nimesomewa tangazo, mwanangu," Bi Zainamu akasema. "Lote. Si uliniambia ningoje tangazo?"

*

Kesho yake Siwema hakwenda kazini. Alipanda basi la alfajiri, akafika Lukwembe saa saba mchana, wakati foleni ya ndoo ilikuwa imefika shuleni. Mama yake alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, uso umemvimba hata macho hayaonekani vizuri. Shangwe, jirani yao, kwa adabu ya kumpokea mgeni, akamletea Siwema kikombe cha maji kwa mikono miwili, huku amepiga goti.

Siwema akakipokea. Akayamwaga chini mbele ya watu wote.

Kisha akainama, akafungua pindo la kanga ya mama yake, akatoa kufuli na ufunguo wake. Watu wa foleni walimwangalia akipita. Akaifunga pampu, na ufunguo akautumbukiza kwenye choo cha shule.

"Kwa amri ya nani?" mtu mmoja akauliza.

"Yangu," akasema Siwema.

Polisi walifika baada ya saa mbili. Kwa tangazo ilichukua wiki kumi na moja. Kwa hili ilichukua saa mbili, kwa hiyo msiseme nchi ile haina uwezo. Mahakamani ushahidi ulikuwa ukurasa mmoja uliochapwa kutoka kwenye tovuti, wenye picha ya Waziri akinywa. Bwana Dafa mkemia alitaka kusema, akaambiwa maabara yake haijatangazwa kuwepo. Hakimu akamtia Siwema hatiani kwa uzushi na kwa kumwaga maji ya heshima.

Hukumu ikapelekwa kwenye tovuti, kwa sababu isiyotangazwa si hukumu. Ikapita hatua ishirini na saba. Ikatoka na itifaki yake yote, na mstari wa mwisho ukasema: *mshitakiwa Siwema Ndimbo anahukumiwa kifungo cha*

Mkuu wa gereza ni mtu mwangalifu. Aliandika barua kuuliza ni kifungo cha muda gani, na anasubiri jibu. Kwa sasa anamshikilia.

Bi Zainamu hupelekwa gerezani kila mwezi, kwa baiskeli ya mwalimu Hamfrey na kisha kwa basi. Hawezi tena kutembea umbali mrefu. Figo moja imekufa na ya pili inajivuta. Safari hii alikuja na chupa ya maji. Askari akaionja kwanza, kisha akaipitisha dirishani.

"Umeyachota wapi?" akauliza Siwema.

"Mtoni. Shangwe ananichotea. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi."

"Na kisima?"

"Kimefungwa bado. Wametoa tangazo la kukifungua mara nne. Mwalimu anasoma wee, anaishia kwa yule wa bustani. Kwa hiyo hakuna anayejua limesema nini, na hakuna anayethubutu kulivunja kufuli."

Siwema akacheka kidogo, kisha kicheko kikamshinda, akaweka chupa chini.

"Waliokufa wamefika wangapi, mama?"

"Tisa. Ila hawajatangazwa. Mtendaji wa kijiji bado anapita kuwadai mchango wa sherehe ya Waziri."

Siwema alitema mate pembeni, kwenye sakafu ya serikali. Askari akasema muda umebaki dakika moja.

"Siku ile ya kwanza ulipopiga simu," Bi Zainamu akasema, "ungeniambia funga."

"Najua, mama."

"Lilikuwa hapa hapa," akasema, akashika pindo la kanga.